Ndoo Iliyoelea Kisimani: Je, Binadamu Ataishi Viwanda Vikianguka?



Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulizimika Unguja nzima, ukarudi Machi 2010. Kebo inayotoka Tanzania Bara na kupita chini ya bahari hadi Fumba ndiyo iliyokuwa mshipa pekee wa umeme wa kisiwa, nayo ilikuwa imefanya kazi tangu 1980. Mwaka 2008 tulikuwa tumeshakaa gizani karibu mwezi mzima. Safari hii ikawa miezi mitatu.

Giza tulilizoea upesi. Kilichotukaba koo ni maji, maana pampu za visima zilitegemea umeme huohuo. Mtaani petu palikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa slabu ya zege miaka nenda miaka rudi. Vijana wakaisogeza slabu kwa mitaimbo, wakafunga kamba kwenye ndoo ya plastiki, wakaiteremsha. Ndoo ikaelea. Wakaivuta, wakaiteremsha tena, ikaelea tena. Tulikuwa watu kama 15 tumezunguka mdomo wa kisima, wengi wetu tumesoma, na hakuna aliyejua kuteka maji. Ndipo akaja bibi mmoja jirani. Akafunga kijiwe upande mmoja wa mdomo wa ndoo, akaishusha taratibu, kisha akaitikisa kamba mara moja kwa kiganja. Ndoo ikalala ubavu, ikanywa maji, ikazama. "Wanangu," akasema, "ndoo hailazimishwi, hulazwa."

Tangu siku hiyo, kila ninapoulizwa kama binadamu ataweza kuishi baada ya ustaarabu wa viwanda kuanguka, namkumbuka bibi yule. Jibu langu ni kwamba ataishi. Lakini ataishi kwa yale ambayo mikono ya watu itakuwa bado inayafanya siku hiyo, wala si kwa yale yaliyoandikwa. Hiyo ndiyo hoja ya mada hii.

Tuelewane kwanza juu ya kuanguka kwenyewe. Sisemi moto kutoka mbinguni. Nasema mafuta kutofika, umeme kukatika bila tarehe ya kurudi, vipuri kukosekana, mbolea kutoingia bandarini, na hali hiyo kushika dunia yote kwa pamoja. Hapa ndipo mfano wa Unguja unapofikia ukomo. Katika miezi ile mitatu meli zilikuwa zikivuka kutoka Dar es Salaam na dizeli, mchele, mishumaa na jenereta. Tulianguka, lakini tulianguka juu ya godoro, na godoro lenyewe ni dunia iliyobaki nzima. Swali letu leo ni la siku ambayo hakuna ng'ambo ya kuagizia.

Kama spishi, binadamu ni mgumu kufa. Mifupa ya Jebel Irhoud kule Morocco inaonyesha kuwa tumekuwepo kwa takriban miaka 300,000. Viwanda vina umri wa miaka 250 hivi. Miaka 74,000 iliyopita mlima wa volkeno wa Toba, Sumatra, ulilipuka kwa nguvu ambazo hazijaonekana tena hadi leo, na majivu yake yamepatikana kwenye tope la chini ya Ziwa Nyasa. Watu wa upande huu waliendelea kuishi. Na kando ya Ziwa Eyasi wapo Wahadzabe ambao hadi sasa wanajua kuchimba mizizi, kurina asali na kuwinda kwa upinde. Bei ya mafuta ikipanda duniani, mzizi wa porini haupandi bei.

Kwa hiyo la kutisha si kwamba tutatoweka sote. La kutisha ni idadi ya watakaobaki, na njia ya kuifikia idadi hiyo.

Mwaka 1909 mkemia Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuinasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia. Carl Bosch akaifanya kazi hiyo iwezekane kiwandani, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza uzalishaji. Wakati huo dunia ilikuwa na watu wasiofika bilioni 2. Novemba 2022 tulifika bilioni 8, na wataalamu wanakadiria kuwa karibu nusu yetu tunalishwa na mbolea ya namna hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa gesi asilia. Wakulima wa mahindi wa Mbeya, Ruvuma na Njombe hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipovuruga soko, mfuko wa kilo 50 wa urea ulivuka Sh 100,000, ikabidi Serikali itoe ruzuku ili ushuke hadi Sh 70,000. Hapo viwanda vilikuwa vingali vinafanya kazi, ila bei tu ndiyo iliyopanda. Samadi, mikunde na kupumzisha shamba vitalisha watu, lakini havitalisha watu wote hawa kwa ardhi ileile. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3. Ya 2022 ilihesabu milioni 61.7, na milioni 5.4 kati yao walikuwa Dar es Salaam, jiji ambalo maji yake mengi husukumwa kwa pampu kutoka Mto Ruvu. Sipendi kuandika sentensi hizi, lakini mwenye kusema kwamba binadamu ataishi bila kusema ni wangapi watakufa njiani, huyo hajasema kitu.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote.

Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, watu walikuwa wakiyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Vyuma vya bei rahisi kutoka Ulaya vilipoingia, matanuri yakazimwa na mafundi wakabaki kufua chuma cha kununua. Katikati ya miaka ya 1970 mtafiti wa mambo ya kale Peter Schmidt aliwakuta wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani, akawaomba waifanye kazi ile tena. Walikuwa na kumbukumbu. Walijua shimo linavyojazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa nusu, wakajua mabomba ya udongo yanavyoingizwa ndani ya tanuri ili hewa ya mivukuto ipate moto kabla haijafika kwenye mkaa. Hata hivyo walilazimika kujaribu tena na tena, maana baada ya miongo mingi mikono ilikuwa imesahau kipimo. Hatimaye chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo, na wasomi wa dunia wakastaajabu kuona joto kubwa lililofikiwa na tanuri la udongo.

Wengi hunukuu habari hiyo kwa fahari, nami ninayo. Ila inanitia hofu pia. Elimu iliyodumu miaka 2,000 ilibaki vichwani mwa wazee wachache, na kama Schmidt angechelewa miaka 15, asingepata wa kumuuliza. Hakuna vita iliyoiua. Iliuawa na bidhaa rahisi dukani, ndani ya umri wa mtu mmoja. Basi tujiulize ni elimu ngapi zinakufa hivyo mwaka huu huku taa zikiwaka.

Wapo wanaosema hakuna neno, tutaanzisha viwanda upya kama walivyovianzisha Waingereza. Sikubali. Kisima cha mafuta cha Edwin Drake kule Pennsylvania mwaka 1859 kilikuwa na kina cha mita 21 tu. Gesi nyingi iliyogunduliwa baharini nje ya Lindi na Mtwara iko chini ya maji ya kina kinachopita mita 1,000, kisha chini ya miamba mingine. Mali ya juu juu imeshachukuliwa, na iliyobaki inataka mitambo ambayo yenyewe ni zao la viwanda. Ngazi tuliyopandia, vidato vyake vya chini tumevichoma kuni. Chuma chakavu kitakuwepo kingi, hilo ni kweli, na maporomoko ya maji hayatakauka kwa sababu viwanda vimekufa. Mhunzi wa Gerezani, Dar es Salaam, anayegeuza springi ya gari kuwa panga ana msingi wa kuanzia. Mwanafunzi wa chuo mwenye vitabu vyote vya metali kwenye simu yenye chaji asilimia 4 hana.

Wanaohifadhi mbegu wanaheshimika, na hazina ya Svalbard, Norway, iliyofunguliwa 2008, ni kazi njema. Lakini mbegu iliyolala kwenye barafu haimfundishi mtu lini apande. Mtama hutaka mpanzi anayejua mvua za kwao, na mama anayejua kuuhifadhi kwenye majivu usiliwe na fukusi. Ndiyo maana pendekezo langu kwa semina hii si kujenga maktaba nyingine. Tuwatafute wenye ujuzi, kata kwa kata: waunda majahazi, wafinyanzi, wakunga wa jadi, wachimba visima vya mkono, na wanaotunza mbegu za asili. Kila mmoja apewe vijana wawili na posho ya kueleweka, na kazi ifanyike kweli, chombo kishuke majini na chungu kipikiwe.

Kikao cha mchana naomba tugawane karatasi. Kila mshiriki aandike watu watatu wa kata yake waliopita miaka 70, na mbele ya kila jina aandike kile ambacho mtu huyo anakifanya kwa mikono na hakuna kijana anayekijua. Jina la kwanza kwenye karatasi yangu nimeshaliandika. Bibi yule wa kisimani yu hai, ana miaka 84, na slabu ya zege tumeirudisha mahali pake.