Rutuba Iliyopotea Njia

Mazungumzo kwa wateja wa huduma za maji, Kanda ya Ziwa



Kazi ya mamlaka ya udhibiti ni kuhakikisha kuwa mteja anapata maji salama, ya kutosha, kwa bei ya haki. Mara nyingi tunapoijadili bei hiyo huishia kwenye dira na ankara. Leo nawaomba tuifuate hadi inakoanzia: shambani, zizini, chooni na kando ya mto. Sehemu ya fedha mnayolipa kila mwezi ni gharama ya kuyatibu maji, na gharama hiyo hupanda kadiri maji yanavyochotwa yakiwa machafu zaidi. Kile ambacho hakikuzuiwa juu ya mto, mteja hukilipia kwenye bomba.

Uchafu ninaoukusudia si chupa wala mifuko. Ni rutuba.

Rutuba inapogeuka uchafu

Mkulima anaponunua mbolea hununua hasa naitrojeni na fosforasi. Shambani, vitu hivyo viwili ni neema. Mvua ikivisomba hadi mtoni na ziwani, huwalisha mwani na magugu maji kama ambavyo vingelisha mahindi. Samadi, majitaka ya vyooni na udongo uliomomonyoka hubeba rutuba hiyo hiyo.

Mwani ukipata chakula kupita kiasi hustawi, maji yakageuka kijani na mwanga ukashindwa kupenya. Baada ya muda mwani hufa na kuzama, na vijidudu vinavyouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini. Samaki wakakosa pumzi. Aina fulani za bakteria wanaofanana na mwani hutoa pia sumu inayoweza kuharibu ini la binadamu na la mifugo.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu. Ni pana, si lenye kina kikubwa. Tena maji yake hutoka kwa mto mmoja, Nile, pale Jinja. Hivyo kinachoingia hukaa muda mrefu kabla ya kutoka. Fosforasi hutuama katika tope la chini, na tope hilo likikosa oksijeni huiachia tena ikarudi majini. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Nasi tukubali kuwa rutuba ikishaingia ziwani haizoleki vilevile. Njia ya hakika ni kuizuia kabla haijafika.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka magugu maji yalivyoingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamefunika maelfu ya hekta; mitumbwi ilinasa, mialo ikafungwa, na mahali pa kuchotea maji pakazibwa. Serikali za nchi zetu tatu, pamoja na wavuvi na vijiji vya kandokando, walifuga na kuachia mbawakavu wadogo wanaokula gugu hilo, na kufikia mwaka 2000 lilikuwa limepungua sana. Hata hivyo gugu limekuwa likirudi mara kwa mara, hasa katika Ghuba ya Winam kule Kisumu. Mgeni aliondolewa mezani, lakini meza ikaachwa imeandaliwa.

Machi 2022 maji ya Mto Mara yalibadilika rangi, yakanuka, na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na Serikali ilieleza kuwa kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilisababisha oksijeni kupungua mno. Wapo walioyapokea maelezo hayo kwa mashaka, na mjadala ukawa mkali. Funzo moja halina ubishi: kwa siku kadhaa, familia zilizotegemea mto huo zililazimika kutafuta maji kwingine.

Bonde moja, nchi tano

Ziwa limegawanywa kati ya Tanzania, Uganda na Kenya, lakini bonde lake linazihusu pia Rwanda na Burundi, ambako Mto Kagera hupata maji yake. Mto Mara huanzia Msitu wa Mau nchini Kenya, ukapita Serengeti, kisha ukaingia ziwani karibu na Musoma. Hakuna nchi inayoweza kuyasafisha maji haya peke yake, kwa kuwa hakuna mto unaosimama mpakani kuomba kibali.

Ndiyo maana mwaka 2003 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilitia saini Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, na Kamisheni ya Bonde hilo ikawekwa Kisumu. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, mradi wa pamoja wa hifadhi ya mazingira ya ziwa ulikuwa umeanza. Awamu yake ya pili ikazijumuisha Rwanda na Burundi. Kila tarehe 15 Septemba Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara, na watu wa juu ya mto hukutana na watu wa chini yake.

Hapa kwetu, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua Bodi za Maji za Mabonde na, chini yake, Jumuiya za Watumiaji Maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Mita hizo si ardhi iliyopotea. Matete, mafunjo na nyasi zilizomo ni chujio lisilodai umeme wala dawa: hupunguza kasi ya maji, hukamata udongo, na mizizi yake hunywa rutuba kabla haijafika mtoni.

Je, ushirikiano wa namna hii huzaa matunda? Tutazame Ziwa Erie, linalozihusu Marekani na Kanada. Katika miaka ya 1960 lilikuwa limeharibika kwa mwani kiasi cha watu kusema limekufa. Mwaka 1972 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa ubora wa maji. Mitambo ya majitaka ikaboreshwa, fosfati katika sabuni za kufulia ikapunguzwa, na kufikia miaka ya 1980 ziwa lilikuwa limepata nafuu kubwa. Lakini kazi ilifanyika zaidi kwenye mabomba kuliko mashambani. Mbolea iliendelea kutiririka, na mwani ukarudi. Agosti 2014, katika jiji la Toledo, watu zaidi ya 400,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba, kwa sababu sumu ya mwani ilikuwa imeingia katika maji yaliyokwisha kutibiwa. Katazo lilidumu takribani siku tatu.

Habari hiyo ina mambo mawili kwetu. Kwanza, ziwa kubwa linaweza kupona watu wakikubaliana. Pili, bomba la kiwanda hukaguliwa kwa sheria, ilhali mashamba maelfu kwa maelfu hayakaguliki yote. Huhitaji makubaliano ya majirani. Na hapo kuna jambo la haki. Mkulima wa mlimani anayeacha mita 60 bila kulima hupoteza mazao yake mwenyewe, na anayenufaika ni mteja wa mjini asiyemjua. Jumuiya ya watumiaji maji iliyo hai ndiyo mahali pa kuzungumzia mzigo huo: nani apewe miche, nani asaidiwe kuchimba makinga maji, na nani achangie.

Mteja afanye nini?

Kuhusu maji ya kunywa. Maji yakionekana kama yamemwagiwa rangi ya kijani, au yakiwa na utando wa kijani unaonuka, usiyanywe, usiyapikie na usiyaogeshee mtoto. Nasisitiza hili kwa kuwa wengi wetu tumefundishwa kuwa maji yakichemka ni salama. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara na kipindupindu, lakini hakuondoi sumu ya mwani. Maji yanapopungua sufuriani, sumu hukolea. Vidonge vya klorini navyo vinaweza kupasua chembe za mwani na kuiachia sumu iliyokuwa ndani. Tumia maji ya bomba yaliyotibiwa, ya kisima kirefu kilichofunikwa, au ya mvua yaliyovunwa vizuri. Mifugo na mbwa wazuiwe pia. Kisha toa taarifa kwa mamlaka ya maji na ofisi ya afya ya kata siku hiyo hiyo.

Kuhusu mbolea. Soma namba zilizo kwenye mfuko. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, maana yake mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. DAP imeandikwa 18-46-0: namba ya kwanza ni naitrojeni, ya pili ni fosfati. Mbolea iliyosombwa na mvua ni fedha uliyoitupa mtoni. Pima udongo kabla ya kununua inapowezekana. Fukia mbolea badala ya kuimwaga juu ya ardhi. Gawa yurea kwa awamu. Na usiitie wingu la mvua kubwa likiwa limetanda. Lima kwa kukinga mteremko.

Kuhusu moto. Tafiti zimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia ziwani hushuka kutoka angani, ikibebwa na moshi na vumbi. Masalia ya mazao yakiachwa shambani hulinda udongo, yakichomwa huupoteza.

Kuhusu choo. Kutapisha choo wakati wa mvua ni kosa, na ni kumnywesha jirani kinyesi. Tumia gari la kunyonya majitaka lenye kibali, na uulize linamwaga wapi. Katika baadhi ya mitaa ya milimani jijini Mwanza, nyumba ambazo magari hayafiki zimeunganishwa na mabomba membamba ya majitaka yanayofuata mteremko. Mtandao ukifika mtaani kwako, jiunge.

Kuhusu kufua na mifugo. Fulia mbali na maji, na maji ya povu yamwagwe kwenye udongo. Nyweshea mifugo kwenye birika badala ya kuiingiza mtoni, na samadi ihifadhiwe mahali palipoinuka, pasipopitiwa na maji ya mvua.

Haki ya kuuliza

Ndugu wateja, mnayo haki ya kujua ubora wa maji mnayouziwa. Mamlaka ya maji inapoomba kupandisha bei, hufanyika taftishi, yaani mkutano wa kupokea maoni ya wananchi. Nawaomba siku hiyo msiishie kuuliza bei itapanda kwa kiasi gani. Ulizeni pia: gharama ya dawa za kutibu maji imeongezeka kwa sababu gani? Chanzo chetu kinalindwaje? Majitaka ya mji huu yanaishia wapi? Maji ya ziwa hili, kupitia chanzo cha Ihelele, husafirishwa hadi Shinyanga, Kahama na hata Tabora. Mteja wa Tabora hajawahi kuliona ziwa, lakini analinywa. Swali likiulizwa hapa, yeye pia amelindwa.

Nimalizie kwa kusema kwamba hakuna hata mmoja wetu aliye chini ya mto tu. Kila mtu ana aliye juu yake, anayemwomba asimchafulie, na kila mtu ana aliye chini yake, anayemwomba vivyo hivyo. Tukianza na yule wa chini yetu, tutakuwa na uso wa kumwambia wa juu.