Ndege Hutoka na Njaa



Ndugu yangu msomaji, baina ya Alasiri na Magharibi hapa Fedha wengi wetu tunangojea adhana tu, simu mkononi. Jioni moja toka na wenzako mwende Ruai, kwenye mabwawa ya maji taka ya Nairobi. Ombeni ruhusa getini, kisha tulieni mtazame. Mtaona yangeyange, bata, na vitwitwi wakichokora matope. Machi na Aprili baadhi yao hula sana kabla ya kurudi Ulaya na Asia, safari ya maelfu ya kilomita.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa lau tungemtegemea Allah kikweli, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege: asubuhi hutoka na njaa, jioni hurudi wameshiba. Sasa wewe unayesema "riziki ni ya Mungu" na umelala mpaka Adhuhuri, hilo neno "hutoka" umelisikia? Ndege hangojei kiotani. Tawakkul ni kutoka, kutafuta, kisha kumwachia Allah.

Jambo la pili: riziki yao imo majini. Chupa tunazotupa mtaroni baada ya kufuturu huishia mitoni, huko huko wanakokula ndege. Ikiwa ndege akila ulichokipanda unaandikiwa sadaka, je, ukimharibia chakula chake utajibu nini?

Basi leo, tukishafuturu, tuokote taka zetu kabla ya kwenda Tarawehe.

Wabillahi tawfiq.