Kumwandaa Kijana kwa Matembezi ya Njia ya Misafara

Hotuba kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa sekondari, Bagamoyo



Kabla ya reli kufika bara, njia kuu ya nchi hii ilikuwa ya miguu. Ilianzia hapa Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, na kukomea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Kijana anapoomba ruhusa ya kutembea sehemu yake kwa siku mbili au tatu, akilala kambini na kubeba mzigo wake mwenyewe, haombi mchezo. Anaomba kukanyaga ardhi iliyokanyagwa na watu wengi, baadhi yao wakienda kwa ujira na wengine wakiwa minyororoni. Ombi hilo linastahili maandalizi.

Maandalizi ya kwanza ni ya akili. Kijana asiondoke nyumbani bila kujua tofauti kati ya mpagazi na mtumwa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa watu wa kazi. Walikubaliana ujira, wakapewa posho ya kibaba cha nafaka kwa siku, na kila mmoja akabeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani takriban kilo 32. Mbele alitangulia kirangozi, na nyuma walikuwapo wake za wapagazi, wakibeba vyombo na watoto. Mtumwa hakukubaliana na mtu yeyote. Wote wawili walipita njia moja, lakini safari zao hazikuwa moja. Hata jina la mji huu husimuliwa kwa namna mbili: mpagazi aliufika akaubwaga moyo kwa kupumzika, na mtumwa akaubwaga kwa kukata tamaa.

Kwa sababu hiyo, matembezi ya vijana yasiwe na kamba shingoni wala minyororo ya kuigiza. Mateso ya watu hayafanywi tamthilia ya kupigia picha. Kijana anayetaka kuyaelewa ayasome, aulize wazee, na afike Misheni ya Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Ayajue pia majina ya Abdullah Susi na James Chuma. Baada ya Livingstone kufariki mwezi Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao waliubeba mwili wake kwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Wapo wengine duniani wenye desturi kama hii. Huko Marekani, vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho huvuta mikokoteni ya mikono kwa siku kadhaa, kuwakumbuka wahamiaji waliovuka nyika kuelekea Utah. Katika historia yao limo onyo kwa kila mwandaaji wa safari. Mwaka 1856 makundi mawili yaliondoka yakiwa yamechelewa, theluji ikayakuta njiani huko Wyoming, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Imani yao ilikuwa kubwa na miguu yao ilikuwa na nguvu, lakini majira hayakuwasubiri. Kwetu hakuna theluji. Kuna masika, na kuna jua. Wakati ufaao ni kiangazi, baada ya masika kwisha na njia kukauka, na mwendo wenyewe uanze alfajiri ili saa za jua kali zikute msafara kivulini.

Maandalizi ya pili ni ya mwili, nayo hayafanyiki kwa juma moja. Kijana aanze wiki sita kabla, kwa kilomita tatu hivi mara tatu kwa wiki, akiongeza kidogo kidogo hadi aweze kwenda kilomita kumi na mbili akiwa na mzigo mgongoni. Mzigo huo usizidi sehemu ya kumi ya uzito wake au zaidi kidogo. Wa kilo 50 abebe kilo tano, zisipite saba. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa na kuzoeleka, maana kiatu kipya huleta malengelenge kabla ya adhuhuri. Maji yanywewe kabla ya kiu kukamata, na kila kundi liwe na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi na salama huchanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta. Mto Ruvu, ambao vitabu vya zamani huuita Kingani, una mamba na viboko, na madimbwi yanaweza kuwa na kichocho. Kijana asioge humo hata kama mwenzake ameoga. Chandarua kisisahaulike.

Maandalizi ya tatu ndiyo magumu zaidi, nayo ni ukweli. Kijana anayetamani kwenda na wenzake huweza kuficha ugonjwa. Mwenye pumu huiacha dawa nyumbani asichekwe. Mwenye kifafa husema amepona. Mwenye selimundu hunyamaza, ilhali uchovu, joto na upungufu wa maji vinaweza kumwamshia maumivu makali na kumhatarisha. Wakati mwingine mzazi naye huficha, kwa kuona haya au kwa kuogopa mtoto atakataliwa. Ukimya huo ni mzito kuliko mzigo wowote. Fomu ya ridhaa ijazwe kwa ukweli, na dawa zikabidhiwe kwa msimamizi pamoja na maelezo. Ugonjwa ukijulikana mapema, mara nyingi nafasi hupatikana: kutembea kipande kifupi, kupanda gari la huduma, au kuwa mwandishi wa kumbukumbu kambini. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio.

Binti aandaliwe kwa heshima ileile na kwa mahitaji yake. Apewe taulo za kike za kutosha hata kama siku zake hazijakaribia, kambi iwe na choo chenye faragha, na msimamizi mwanamke awepo usiku na mchana. Kijana yeyote, wa kike au wa kiume, aambiwe waziwazi kabla ya kuondoka kwamba ana haki ya kumkataa mtu anayemgusa au kumtisha, na aelezwe ni nani wa kumwambia.

Huduma zinazohitajika zipo karibu. Zahanati na vituo vya afya huwapima vijana kabla ya safari. Ofisa utamaduni na walimu wa historia wanaweza kutoa maelezo ya njia. Ofisa ustawi wa jamii aarifiwe, na mtendaji wa kila kijiji kitakakopigwa kambi apewe taarifa ya maandishi mapema, ili msafara upokewe kama wageni na si kama watu waliopotea. Namba za dharura, 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji, ziandikwe kwenye daftari la kila kijana, kwa kuwa simu huzima.

Ndugu wazazi na walezi, katika misafara ya zamani aliyeugua aliweza kuachwa njiani, na mtumwa aliyeshindwa kutembea mara nyingi hakuonekana tena. Hapo ndipo msafara wa leo unapopaswa kutofautiana na ule. Kirangozi wa vijana asitafute sifa ya kufika mapema. Mwendo wake na uwe mwendo wa aliye nyuma kabisa. Kijana akirudi nyumbani akijua kusema “nimechoka” bila aibu, na kumsubiri mwenzake bila kunung’unika, atakuwa amejifunza historia vizuri kuliko kwa kuhesabu kilomita.