Nyumba Inapotuelemea

(Hotuba iliyotolewa msikitini mbele ya ndugu wanaume na wanawake, nasi tumeiandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Swali tulilotakiwa kulijibu ni fupi kwa maneno, lakini limeletwa na watu wengi, na hasa akina mama. Wanasema: nyumba imetushinda. Kila siku tunafagia, tunafua na kuosha vyombo, na jioni nyumba inaonekana kana kwamba hakuna mkono ulioigusa. Tukitaka kuipanga hatujui tuanzie wapi. Tukiufungua mlango wa stoo nguvu zinatuishia, basi tunaufunga na kurudi jikoni.

Kabla ya yote yafaa tuondoe tuhuma moja. Wapo waume wanaoingia nyumbani, wakakuta viti vimejaa nguo, na neno la kwanza kuwatoka ni kwamba mke ni mvivu. Neno hilo tunalikataa. Tazameni nyumba ya vyumba viwili au vitatu yenye watoto watano, na mpwa aliyetoka mkoani kuja kusoma, na bibi mgonjwa, na biashara ndogo ya vitumbua inayoanza kabla ya Alfajiri. Humo mna beseni lililopasuka linalongoja fundi ambaye hatakuja, redio iliyokufa, madumu matupu, magunia ya nguo za watoto ambao sasa wana ndevu, seti tatu za vikombe vya zawadi ya harusi ambazo hazijawahi kunyweshewa mgeni, na chini ya godoro furushi la mifuko ya plastiki, ile iliyopigwa marufuku nchini Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Hakuna aliyekaa akaamua kuyalundika haya. Kila kimoja kiliingia kwa sababu yake njema, na kukitoa kunahitaji uamuzi wake. Je, kitatengenezwa? Je, aliyekitoa zawadi atauliza? Je, mtoto ajaye hatakihitaji? Mtu aliyeamka saa kumi za usiku akiamua mambo ya wengine mchana kutwa, ikifika jioni amebakiwa na nguvu za mikono lakini hana tena nguvu za kuamua. Ndiyo maana anaweza kufua beseni zima la nguo na asiweze kupanga droo moja.

Hata hivyo hatuwezi kusema, basi na tuache, maana yako mambo yenye hatari ya kweli. Mji wa Dar es Salaam ulipatwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu aenezaye ugonjwa huo huuma mchana, na hapendi mitaro michafu kama wengi wanavyodhani. Yeye hutaga katika maji yaliyotulia ndani ya vyombo: kopo, ndoo mbovu, tairi kuukuu, kifuu cha nazi, sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Mayai yake hugandamana na ukuta wa chombo, na yaweza kukaa makavu kwa miezi mingi yakingoja mvua. Mvua ikinyesha, kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo mbu wapya wanaruka. Kwa hiyo mtu anayesema vile vikopo vya nyuma ya nyumba havimdhuru mtu kwa kuwa ni vikavu, hesabu yake si sahihi. Na mbu huyo haulizi uzio wa nani. Anayetunza tairi kuukuu anamtunzia jirani ugonjwa.

Tena iko nyumba ambayo mlango wake wa pili hauwezi kufunguliwa kwa sababu ya magunia. Moto ukianzia jikoni, watoto watatokea wapi? Hili pekee latosha kuwa kazi ya siku ya kwanza, hata kama mengine yote yatabaki kama yalivyo.

Sasa, njia ya kuanzia. Wengi watashangaa tukisema kwamba njia moja nzuri imekwisha fika katika hospitali zetu. Wajapani waliitumia katika viwanda vyao, hospitali ya akina mama ya Castle Street iliyoko Colombo, Sri Lanka, ikaichukua na kufanikiwa sana, na kutoka huko mwaka 2007 ikaletwa Tanzania, ambapo Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya kwanza kuijaribu. Wauguzi wanaijua kwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hospitali ni mahali penye haraka, uchovu na watu wengi kuliko nafasi, kwa hiyo kilichofaa huko chaweza kufaa nyumbani.

Tuuangalie mpangilio wa maneno hayo. La kwanza ni kusasambua, yaani kuchambua na kuondoa kisichohitajika. Kusafisha ni la tatu. Sisi nyumbani tumezoea kuanza na la tatu: tunapangusa vumbi juu ya kitu ambacho hatukihitaji, tunakihamisha, tunafagia palipokuwa pake, tunakirudisha. Au tunaanza na la pili, tunanunua kabati jipya au masanduku ya plastiki yenye vifuniko, na baada ya mwezi kabati limejaa na sakafu imejaa vilevile. Fedha imekwenda, na kilichoongezeka ni kabati.

Basi aliyeelemewa asianze na nyumba, wala asianze na chumba. Aanze na mahali panapoweza kufunikwa kwa mkeka mmoja: nyuma ya mlango, juu ya meza, droo moja. Stoo iwe ya mwisho, kwa kuwa humo ndimo yamo maamuzi magumu. Wakati wake uwe mfupi na wenye mwisho unaojulikana, na sisi Waislamu hatuna shida ya kuutafuta, kwani siku yetu imekwisha gawanywa kwa Sala. Kati ya Magharibi na Isha panatosha. Adhana ya Isha ikisikika kazi imekwisha, hata kama droo haikumalizika. Mwenye kujua kwamba kazi ina mwisho haogopi kuianza.

Achukue kila kitu mkononi mara moja tu na kukiweka katika fungu lake. Kiko kinachotumika, na hicho kirudi. Kiko cha kutupa. Kiko cha kutoa. Na liko fungu la nne ambalo watu hulisahau, nalo ni vitu vya watu: sufuria ya jirani iliyokuja na pilau ya Idi, kitabu cha kuazima, begi aliloliacha shemeji alipohama. Hivi ni amana. Visitupwe, visitolewe sadaka, wala visiwe pambo la stoo kwa miaka. Apigiwe simu mwenyewe, apewe siku ya kuvichukua. Tumeona mara nyingi kwamba fungu hili likirudishwa kwa wenyewe nafasi kubwa hupatikana, na uhusiano uliokuwa umepoa hufufuka.

Katika fungu la kutoa, tahadhari moja. Qurani Tukufu inatuonya tusikusudie kutoa kile kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kanzu iliyochanika kwapani si sadaka, ni tambara, na ifanywe tambara. Kinachotolewa kifuliwe kwanza, kishonwe kifungo, kikunjwe. Dawa zilizobaki zisigawiwe jirani hata kama anaumwa ugonjwa uleule. Zipelekwe kwa mfamasia aeleze za kuharibu. Na plastiki zisichomwe uani, moshi wake ni sumu kwa walio ndani na kwa watoto wa jirani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililotufanya tukubali kuzungumza juu ya somo hili. Katika nyumba nyingi liko sanduku, au kabati, au chumba kizima, ambacho hakiguswi kwa sababu ni vitu vya marehemu. Kanga za mama, koti la baba, cherehani, baiskeli, miwani. Miaka minne, miaka tisa, vimefungwa. Watoto wanalala wanne katika chumba kimoja na chumba cha pili kinalala nguo. Wenye nyumba wanadhani hii ni heshima kwa aliyefariki, na wengine, baada ya kuchoka, siku moja hufungua na kugawa vyote kwa maskini wakidhani wamefanya wema mkubwa.

Yote mawili yana kasoro. Vitu vya marehemu si vya nyumba, wala si vya mtoto mkubwa aliyebaki na ufunguo. Ni mali yake aliyoiacha, ikiwemo ile kanga ya mwisho, nayo ina njia yake katika sheria: gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wasia wake usiozidi theluthi, na kinachobaki ni cha warithi kwa mafungu yaliyotajwa katika Sura An-Nisaa. Ikiwa miongoni mwa warithi yumo yatima mdogo, hakuna mwenye haki ya kulitoa fungu lake sadaka, hata kwa jina la kumrehemu baba yake. Mtu mzima anaweza kutoa lililo lake. La mtoto linatunzwa mpaka akue. Na sanduku lililofungwa miaka tisa halikumtunzia yatima kitu, limewatunzia panya na nondo. Koti ambalo siku ya kwanza lingeuzwa na fedha kuwekwa kwa ajili yake, leo halina bei.

Mjane aliye katika eda yake ya miezi minne na siku kumi asisukumwe kufungua makabati. Majonzi yake yanatosha. Lakini muda huo ukipita, warithi wakutane, na ni vizuri awepo sheikh au mzee mwenye elimu ya mirathi. Kila kitu kitolewe nje na kiandikwe, hata vidogo. Vikadiriwe bei kwa bei ya sokoni ya leo. Anayetaka kitu cha kumbukumbu, kama miwani au msahafu aliousoma baba, akichukue kwa ridhaa ya wote au kihesabiwe katika fungu lake. Tunajua kwamba kilio kitatokea siku hiyo, na huenda ugomvi mdogo pia. Ni afadhali kilio cha siku moja chenye karatasi iliyoandikwa. Na katika kufanya hivyo mara nyingi hupatikana hati ya kiwanja au daftari la madeni ambalo kila mtu alidhani limepotea.

Kuhusu kuseti hatuna mengi. Kila kitu kiwe na mahali pake karibu na panapotumika, na cha mtoto kiwe kwa kimo cha mtoto. Msumari ulio juu ya kichwa chake haufundishi kutundika sare, unafundisha kuitupa kitandani. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule viwe katika bahasha moja ambayo watu wazima wote wa nyumba wanaijua ilipo. Pawe na pembe ya kutandika mkeka wa Sala pasipo kuhamisha kitu kwanza.

Neno la tano, shikilia, ndilo linaloangusha wengi, na sababu yake ni kwamba kazi imeachwa kwa mtu mmoja. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, amesimulia kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. nyumbani kwake alikuwa akishughulika na kazi za watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Basi akina baba mliopo hapa, droo yenye nyaya za simu zilizokufa na misumari iliyopinda ni yenu, asiifungue mke. Na kwa kuwa vitu huingia kila siku, kikiingia kimoja kitoke kimoja: viatu vipya vya Idi vikivaliwa, vile vya zamani visirudi uvunguni.

Wala asitegemee mtu nyumba isiyo na doa. Mama mmoja wa Kijapani, Marie Kondo, ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2014 na kusomwa duniani kote, alikiri mwaka 2023, baada ya kupata mtoto wa tatu, kwamba kwake kupanga amekuacha kwa kiasi fulani, kwani muda wake ameona bora awape watoto. Nasi twamwelewa sana.

Limebaki kundi moja. Aliyejifungua karibuni, mgonjwa, mfiwa, na yule ambaye moyo wake umezama hata kuinuka ni kazi: hao wasihutubiwe juu ya droo. Waende akina mama wawili, siku moja kwa wiki, na makapu yao. Wamwulize ni pembe ipi inamsumbua kuliko zote, waanze hapo. Wasitupe kitu hata kimoja bila kumwonyesha, wasiseme waliyoyaona wakitoka, na kabla ya kuondoka wamwage maji yaliyotuama uani na kuyafunika madumu.