Kutetea Kiti Kisicho na Hazina: Seneta wa Kaunti na Muhula wa Pili

Seneta nchini Kenya huchaguliwa na wapiga kura wa kaunti nzima, siku ile ile wanapomchagua Rais, gavana, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Siku yenyewe ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Kaunti zote 47 humtuma seneta mmoja mmoja wa kuchaguliwa, na wengine 20 huteuliwa kupitia orodha za vyama. Katiba ya 2010 ilimwekea gavana kikomo cha mihula miwili, lakini seneta hakuwekewa kikomo chochote. Anayekikalia kiti hicho anaweza kukitetea kila uchaguzi. Hata hivyo, katika chaguzi kuu tatu Kaunti ya Uasin Gishu imewatuma Nairobi watu watatu tofauti: Isaac Melly mwaka 2013, Margaret Kamar mwaka 2017 na Jackson Mandago mwaka 2022. Hakuna aliyerudishwa. Ng'ambo ya mpaka wa mashariki, Elgeyo Marakwet ilimchagua Kipchumba Murkomen mara zote tatu.

Historia ya Seneti yenyewe inajulikana: ya kwanza iliundwa kwa katiba ya uhuru mwaka 1963, ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi kabla miaka ya sitini haijaisha, na chombo hicho kikafufuliwa na Katiba ya 2010. Jambo ambalo halijachunguzwa vya kutosha ni kinachompa aliye kitini nguvu ya kurudi, au kinachomnyima.

Jibu lililozoeleka, vijiweni na katika makala za wasomi, ni wimbi la chama. Kwa mujibu wa hoja hii, mpiga kura wa Bonde la Ufa huvaa suti: humchagua mgombea urais wake, kisha nafasi tano zilizobaki huzijaza kwa rangi ile ile bila kusoma majina. Seneta, ambaye karatasi yake haina msisimko wa ile ya Rais wala ubishi wa ile ya gavana, ndiye anayebebwa zaidi. Akiwa ndani ya chama kinachovuma atarudi. Akiwa nje atazama. Kazi aliyoifanya kwa miaka mitano haina uzito. Hoja hii inavutia kwa sababu ni fupi na inaeleza mengi. Kasoro yake ni kwamba haiwezi kueleza yale mambo ambayo iliundwa kuyaeleza.

Mfano wa kwanza ni Baringo. Mwaka 2013 chama cha URP kilivuma katika kaunti jirani, na Baringo yenyewe ikampa Benjamin Cheboi wa URP ugavana. Siku hiyo hiyo, katika vituo hivyo hivyo, wapiga kura walimpa Gideon Moi wa KANU useneta. Mwaka 2017 ugavana ulikwenda kwa Stanley Kiptis wa Jubilee, na Gideon Moi akakitetea kiti chake kwa KANU na kushinda. West Pokot nayo iliichagulia KANU useneta mara zote mbili, kwanza kwa John Lonyangapuo, kisha kwa Samuel Poghisio. Mpiga kura anayetenganisha karatasi ya gavana na ya seneta katika chaguzi mbili mfululizo hawezi kuitwa mtu asiyesoma majina.

Mfano wa pili uko hapa hapa Uasin Gishu. Mwaka 2017, Jubilee ilipotwaa useneta wa kaunti, wapiga kura wa Ainabkoi walimtuma bungeni mgombea huru, William Chepkut. Kama suti ingekuwa imeshonwa kwa uzi mgumu kama inavyodaiwa, isingefumuka katika eneobunge hilo.

Pigo zito zaidi kwa hoja ya wimbi hutokana na kuziweka Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet pamoja. Kaunti hizi mbili zilipigwa na mawimbi yale yale: URP mwaka 2013, Jubilee mwaka 2017, UDA mwaka 2022. Kila mara zote mbili zilichagua maseneta wa chama kinachovuma. Moja ikamrudisha mtu yule yule mara mbili. Nyingine ikabadilisha kila mara. Sababu iliyo sawa pande zote mbili haiwezi kueleza matokeo yanayotofautiana. Wimbi huamua ni rangi gani itakayoshinda, lakini halichagui nani atakayeivaa, na kwa mtu anayetetea kiti, hilo la pili ndilo swali lote.

Watetezi wa hoja ya wimbi wana jibu, nalo ni Baringo ya mwaka 2022. Mwaka huo Gideon Moi alishindwa kwa tofauti kubwa na William Cheptumo wa UDA, na West Pokot ikamchagua Julius Murgor wa chama hicho hicho. Jibu hilo lina uzito na linapaswa kukubaliwa kwa kiwango chake: wimbi likiwa kubwa mno humzamisha aliye nje. Lakini linathibitisha nusu tu ya nadharia. Halisemi lolote kuhusu Nandi, ambako Samson Cherargei alichaguliwa mwaka 2017 na kurudi mwaka 2022, wala Kericho, ambako Aaron Cheruiyot aliingia kwa uchaguzi mdogo wa Machi 2016 na kurudishwa mara mbili. Hao hawakurudi kwa kuwa ndani ya chama tu. Ndani ya chama hicho hicho walikuwamo wengi waliokitamani kiti.

Lipo pia kosa la kuhesabu. Anayetazama orodha ya maseneta waliobadilika kati ya 2013 na 2017 huhitimisha kwamba wapiga kura wa ukanda huu hawana subira. Orodha hiyo inachanganya waliofukuzwa na waliohama. Stephen Sang wa Nandi na Lonyangapuo wa West Pokot waliacha useneta mwaka 2017 na kuwa magavana. John Munyes wa Turkana aliuacha ili kuwania ugavana, akashindwa. Njia hiyo huenda pande zote mbili: Mandago alifika Seneti baada ya kumaliza mihula miwili ya ugavana, kama Ali Roba wa Mandera. Kiti ambacho wenyewe wanakitumia kama daraja hakiwezi kupimwa kwa idadi ya waliobaki juu yake.

Kwa nini basi wakikimbie? Msaada mkubwa zaidi katika swali hili hautoki katika maandishi kuhusu Afrika, bali katika kitabu chembamba cha David Mayhew kuhusu Bunge la Marekani, kilichotoka mwaka 1974. Mayhew alianza na dhana moja tu: kwamba mwanasiasa anataka kuchaguliwa tena. Kutokana nayo alionyesha kwamba mtu aliye kitini hufanya mambo matatu. Hujitangaza, jina lake lizoeleke hata bila ujumbe. Hudai sifa, yaani huwafanya watu waamini kwamba yeye binafsi ndiye aliyeleta barabara, zahanati au ajira. Tatu, hutoa msimamo: husema hadharani anachopenda na anachopinga, hata kama msimamo huo haubadilishi sheria yoyote. Ustadi wa kitabu hicho uko katika kutenganisha la pili na la tatu. Wengi huyachanganya, wakadhani kiongozi hupimwa kwa alicholeta tu. Mayhew aliona kwamba kusema peke yake ni bidhaa, na kwamba ina wanunuzi. Ni vitabu vichache vya siasa vilivyosema mengi kiasi hicho kwa maneno machache namna hiyo.

Kipimo hicho kikitumiwa Kenya, tofauti hujitokeza mara moja. Gavana ana bajeti ya kaunti. Mbunge ana mfuko wa maendeleo ya eneobunge (CDF), ambao umedumu kwa sura moja au nyingine tangu 2003, ingawa Mahakama ya Juu iliitangaza Sheria ya CDF ya 2013 kuwa kinyume cha Katiba mwezi Agosti 2022. Darasa likijengwa, jina la mbunge huandikwa ukutani. Oscar Sudi amechaguliwa Kapseret mara zote tatu tangu 2013, katika kaunti ile ile inayobadilisha maseneta. Seneta hana ukuta wa kuandika jina. La pili katika orodha ya Mayhew amenyimwa. Amebakiwa na la kwanza na la tatu.

Anachopewa na Katiba ni Ibara ya 96: kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake, kushiriki katika miswada inayohusu kaunti, kuamua fedha zigawanywe vipi kati ya kaunti na kusimamia matumizi yake, na kuamua hoja ya kumwondoa Rais au Naibu wake. Mamlaka hayo ya mwisho ndiyo yaliyotumika kwa Rigathi Gachagua, Naibu Rais wa wakati huo, mwezi Oktoba 2024. Ibara ya 123 inaongeza jambo ambalo wapiga kura wachache wameelezwa: katika masuala ya kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na kwa kawaida huipiga seneta aliyechaguliwa. Hapo Lamu ina uzito sawa na Nairobi. Mvutano wa 2020 kuhusu mfumo wa kugawa fedha ulionyesha maana yake: vikao viliahirishwa tena na tena, hadi Septemba yalipopatikana maafikiano kwamba mfumo mpya ungojee mgao wa kaunti ufike shilingi bilioni 370.

Mpiga kura anaelewa hili kuliko anavyodhaniwa. Mwandishi wa mhadhara huu, akiwa kwenye foleni ya kupiga kura mtaani Langas mwaka 2022, aliwasikia wanawake wawili wauza mboga wakibishana kuhusu karatasi ya manjano, ambayo ni ya seneta. Mmoja aliuliza mtu huyo hujenga nini. Mwenzake akamjibu kwamba huyo hajengi, huyo ni wa kutusemea. Kama hasemi, amekaa bure. Wasomi hutumia kurasa nyingi kulifikia jibu hilo.

Eldoret ina kumbukumbu ndefu ya jambo hilo. Katika enzi ya chama kimoja, ambapo karibu nusu ya wabunge walikuwa wakipoteza viti kila uchaguzi, Chelagat Mutai alishinda Eldoret Kaskazini mwaka 1974 akiwa bado hajatimiza miaka 26. Alifungwa mwaka 1976. Alipotoka, wapiga kura walimrudisha bungeni mwaka 1979. Hakuwa na mfuko, na serikali haikumpenda. Mtaji wake ulikuwa sauti.

Yapo mapingamizi mawili. Christopher Langat wa Bomet alikamatwa Agosti 2020 katikati ya mvutano wa fedha za kaunti, na hakuna aliyeweza kudai kwamba hakusikika. Hata hivyo mwaka 2022 kiti kilikwenda kwa Hillary Sigei. Margaret Kamar alifika hadi unaibu spika wa Seneti mwezi Juni 2020, cheo kikubwa kuliko vyote alivyopata seneta wa Uasin Gishu, na hakurudi. Pingamizi la kwanza linaonyesha kwamba sauti haitoshi peke yake. La pili, likichunguzwa, linaimarisha hoja: kiti cha unaibu spika ni cha kuongoza mjadala, na anayekikalia hunyamaza ili wengine waseme. Baada ya kupima yote, sauti inabaki kuwa mtaji pekee wa kudumu alio nao seneta anayetetea kiti.

Mtaji huo hupimwa wapi? Si debeni mwezi Agosti, bali katika mchujo wa chama. Mwaka 2022 UDA ilifanya mchujo wake tarehe 14 Aprili, na uchaguzi mkuu ukawa tarehe 9 Agosti. Ibara ya 85 humtaka mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na Ibara ya 99 humtaka mwaniaji huru wa useneta aungwe mkono na wapiga kura 2,000 waliosajiliwa katika kaunti. Kwa hiyo aliyeangushwa kwenye mchujo hubaki na wiki chache tu za kuhama, kisha aanze kutafuta sahihi bila chama nyuma yake. Katika kaunti yenye chama kimoja kinachovuma, seneta ameshahukumiwa kabla kampeni rasmi hazijaanza, na mahakimu ni wale waliofika mchujoni au, tiketi ikitolewa moja kwa moja, viongozi wa chama.

Uchaguzi mkuu ujao utakuwa tarehe 10 Agosti 2027. Anayetaka kujua kama Uasin Gishu itamrudisha seneta kwa mara ya kwanza anapaswa kutazama mambo mawili kabla ya tarehe hiyo: aliye kitini amesikika kiasi gani katika mijadala ya fedha za kaunti, na chama kinachovuma kimeamua kumpata mgombea wake kwa njia gani. Wimbi litamwambia rangi ya mshindi. Jina la mshindi litakuwa limeandikwa miezi kadhaa kabla.