WARIDI HALINGOJI KAMA KAHAWA
(Maneno ya Kamati ya Maua mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama, haya ndiyo tuliyoyasema mkutanoni juzi. Tunayabandika hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani, na kwa wale waliokuwapo lakini wakasinzia.

Mnunuzi amekuja na karatasi. Anataka tung'oe kahawa ya shamba la chini, ekari moja, tupande mawaridi ndani ya mabanda ya plastiki, naye ayapeleke Ulaya. Wengi mlipiga makofi. Sisi wa kamati hatukatai maua. Tunakataa kutia sahihi gizani.

Kahawa ikikauka vizuri na bei ikawa mbaya, tunaiweka ghalani. Waridi halina ghala. Likikatwa asubuhi liingie kwenye ndoo ya maji safi pale pale, kisha upesi chumba cha baridi, nyuzi 2 hadi 4. Halafu gari lenye baridi, Namanga, mpaka uwanja wa ndege wa Nairobi, maana maua mengi ya Arusha hupitia huko. Baridi ikikatika mahali pamoja tu, ukungu wa kijivu unaanza, na huko Ulaya mtu anafungua boksi anakuta petali zinadondoka. Umeme wetu mnaujua wenyewe. Chumba cha baridi bila jenereta ni kabati tu, jamani.

Kule Aalsmeer, Uholanzi, uko mnada mkubwa wa maua. Si kama mnada wetu wa ng'ombe ambapo bei inapanda. Pale saa inaanzia bei ya juu, inashuka, na wa kwanza kubonyeza ndiye mwenye mzigo. Kabla ya tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, waridi jekundu hutafutwa sana. Lakini Machi 2020, korona ilipofunga maduka, maua mengi yaliharibiwa pale pale mnadani kwa kukosa mnunuzi. Na Aprili 2010 volkano ya Iceland ilijaza anga majivu, ndege za Ulaya zikasimama siku kadhaa, maua ya Kenya yakatupwa kwa tani. Mwenye mtaji mkubwa huweza kuivumilia wiki kama hiyo. Sisi je?

Sasa ile karatasi. Inasema tutalipwa "kulingana na soko". Soko la wapi, la siku gani? Nani analipa nauli ya ndege, maboksi na ushuru wa mnada? Haikuandikwa. Maua yakikataliwa, nani anahesabu? Mnamkumbuka yule dalali aliyekataa magunia yetu ya maharage kwa maneno matupu, bila hata kipande cha risiti.

Tena tangu Aprili 2025 Umoja wa Ulaya umekaza masharti ya mawaridi kwa sababu ya kiwavi wa nondo mmoja. Kiwavi huyo hula pia pilipili na mahindi, na mabanda yatazungukwa na nini kama si pilipili na mahindi yetu?

Na dawa. Watakaokuwa bandani mchana kutwa ni mama zetu na dada zetu. Karatasi haitaji glavu wala barakoa, wala saa za kungoja baada ya kupuliza.

Basi sisi tunapendekeza robo ekari, pale penye kitalu cha zamani. Kahawa isiguswe, maana ikishang'olewa haturudi nayo msimu ujao. Mwaka mmoja tuuze Arusha na Moshi, kwenye harusi na misiba. Vijana wazoee kukata tumba likiwa bado limefunga, na kupanga mashina kwa urefu, 40, 50, 60 sentimita, mafungu ya 20, bila kuchanganya. Wakishindwa kuuzia mjini, Uholanzi watafika vipi?

Mnunuzi ameitwa Jumamosi saa nne asubuhi, baada ya kupima kahawa. Kura itapigwa akishajibu, si kabla. Mwenye swali aliandike kwenye daftari la katibu kabla ya Ijumaa jioni. Asiyejua kuandika amwambie katibu, ataandikiwa.