Sumu Irudiayo Baada ya Wiki Tatu



Nyote mwamjua mwenzetu wa bohari ya mizigo aliyelowa dawa ya kuua wadudu, pipa lilipopasuka ndani ya behewa. Alitapika, akatokwa na jasho na mate, macho yakaona ukungu. Hospitali walimchoma sindano za atropini, na siku ya sita akarudi kazini. Alipewa karatasi ya kusema amepona, akatia sahihi. Sisi tulifurahi. Wiki ya tatu mashavu ya miguu yakaanza kumwuma, nyayo zikafa ganzi, kisha akawa anaburuta vidole akitembea. Wengine wetu tulisema ni pombe. Tulikosa, na twamwomba radhi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1953 madaktari wa Uingereza waliandika habari za wafanyakazi watatu waliodhuriwa na dawa mpya ya wadudu, mipafoksi. Wawili kati yao walipooza baadaye, walipokwisha kupata nafuu. Na huko Moroko, 1959, watu wapata 10,000 walilemaa kwa mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na mafuta ya injini za ndege. Hayo hayakuwa dawa ya wadudu, lakini sumu yake ni ya ukoo ule ule wa fosforasi.

Mshipa wa fahamu uendao mguuni ni kama waya mrefu wa simu kando ya reli. Sumu hii huuharibu kuanzia mwisho wake, na mishipa mirefu hutangulia. Ndiyo sababu miguu huanza kabla ya mikono. Atropini huokoa maisha siku ile, lakini haizuii ulemavu huu. Wala si kila dawa ya wadudu iuletao, kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya pipa ni mali.

Basi pipa likivuja, mtu avue nguo upesi, aoge kwa sabuni na maji mengi, aende hospitali, nasi tuandike jina la dawa na tarehe, hata juu ya pakiti ya sigara. Asitie sahihi kwamba amepona kabla ya wiki tano kupita.

Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007 yataka madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwenzetu bado anayo nafasi. Jumatatu twaenda naye kwa meneja, na wale wawili waliokuwa zamu ile twawataka waje kushuhudia.